Mwanamke Katika Nafasi ya Baba

Tarehe 9 Machi 2024, siku ya Jumamosi, nilikuwa nimeketi kwenye kigoda nje ya jiko la baba yangu, karibu na Litein, nikiandaa kibuyu cha maziwa. Kazi hiyo haitaki haraka. Kibuyu husafishwa na kukaushwa, kisha kipande cha mti wa senetwet huchomwa mpaka kiwe kaa, na kaa hilo husagwa kwa ufito humo ndani hadi kuta za kibuyu ziwe nyeusi na kunukia moshi. Ndipo maziwa hutiwa na kuachwa yagande, yawe mursik. Mikono yangu ilikuwa imejaa masizi simu ilipotetema mfukoni mwa aproni. Niliichomoa kwa vidole viwili. Matokeo ya baba yalikuwa yametoka.

Wakati wa Krismasi, mdogo wangu anayeishi Marekani alikuwa amekuja na vichupa viwili vya plastiki, kimoja changu na kimoja cha baba. Unatema mate mpaka kwenye mstari, unakifunga, kinapelekwa maabara ng'ambo, na baada ya muda unaelezwa asili ya wazee wako na nani, kati ya wote waliowahi kutema, ni ndugu yako wa damu. Mimi ni mwalimu wa historia. Nimezeeka nikiwafundisha watoto wa watu safari za mataifa yaliyohama kutoka kaskazini, na bado sikuwa najua ya kwetu kupita kizazi cha tatu. Nilitema bila kusita.

Baba alikigeuzageuza kichupa chake. Kwetu mate ya mzee ni baraka. Mzee hukutemea kidogo kifuani au viganjani unapoanza safari au unapooa.

"Hapa ninambariki nani?" aliuliza. "Plastiki?"

"Wabariki wajukuu, Baba. Tema hadi kwenye mstari."

"Na hawa waliotunga mtihani ndio wanaosahihisha?" Baba amestaafu ualimu mkuu wa shule ya msingi na hajawahi kuuamini mtihani ambao hakuusimamia.

Shangazi yangu, mdogo wa baba, alikataa katakata kuulizwa hata kuhusu kichupa cha tatu ambacho hakikuwepo. "Mate yangu yatabaki mdomoni. Nikiyamaliza, nitawatukana na nini?"

Kabla sijaeleza matokeo yalisema nini, sharti niieleze nyumba yetu, maana mtu asiyeijua hataona kilichonitisha.

Aliyeianzisha nyumba hii alikuwa mwanamke. Sisi sote tunamwita Kogo, jina letu la nyanya, ingawa si yeye aliyemzaa baba. Kogo aliolewa akiwa mke wa pili. Alizaa mabinti, wakaolewa, mume akafa, na Kogo akabaki na ng'ombe wa nyumba yake bila mtoto wa kiume wa kuwarithi. Kwa mila ya Kipsigis, ng'ombe wa nyumba moja hawahamishiwi nyumba ya mke mwenza hivi hivi. Nyumba isiyo na mrithi huzimika kama jiko. Kogo hakukubali kuzimika. Alichukua sehemu ya ng'ombe hao, akatuma wazee, akaposa msichana kwa desturi zote, naye mwenyewe akasimama siku ya harusi mahali anaposimama bwana arusi. Msichana huyo ndiye nyanya yangu aliyemzaa baba. Watoto aliowazaa walikuwa wa Kogo, na Kogo alikuwa baba yao mbele ya ukoo, mbele ya baraza na mbele ya ng'ombe. Mwanamume aliyekuja na kuondoka hakuwa na jina ndani ya boma. Hakudai, wala hakuulizwa.

Kanisani baadhi ya watu walinong'ona kuhusu ndoa ile, lakini hakuna aliyewahi kumwambia baba kwamba hana baba. Kila alipotaja shamba, alisema, "Baba yangu alipanda mti ule," akimaanisha mwanamke mfupi aliyekuwa akitengeneza vibuyu vya kuuza.

Basi nilipokuwa nikijaza mti wa ukoo kwenye tovuti ya kile kipimo, nilifika penye nafasi ya baba wa baba nikaandika jina la Kogo. Tovuti ilikataa kupokea mwanamke mahali hapo. Nikarudi nyuma, nikambadilisha nikamfanya mwanamume, ikapokea. Mbele ya jina, palipoulizwa kazi yake, niliandika: mfugaji, na mtengenezaji wa vibuyu. Sikuhisi kwamba nimedanganya. Nilikuwa nimefanya vilevile mila ilivyofanya.

Sasa, mikono ikiwa myeusi, nilisoma kwamba damu ya baba imepata ndugu wa karibu sana, huenda mtoto wa ndugu yake wa upande mmoja. Chini yake palikuwa na ujumbe kutoka kwa ndugu huyo mwenyewe. Alikuwa nesi, anafanya kazi Uingereza. Kwao ni Kisii, lakini baba yake alihamia Kapsoit akiwa kijana, na watoto wote wamekulia hapo.

"Dada, shikamoo yangu kwa mzee," aliandika. "Nimeuangalia mti wenu nikaona kuna makosa kidogo. Hapo kwa baba wa mzee mmeandika jina la mama. Mimi nimekulia Kapsoit, majina yenu ya wamama nayajua. Babu yangu alikuwa mpasuaji mbao huko kwenu zamani. Mkikubali nitaondoa jina hilo niweke lake. Baba yangu amemtafuta mtu mmoja maisha yake yote. Naomba usininyamazie."

Nilisoma neno lile, nitaondoa, mara nyingi kuliko nilivyosoma mengine. Akiondolewa Kogo, ni nini kingebaki? Mpita njia mwenye msumeno, msichana asiye na mume, na mtoto wao. Nyumba ambayo mwanamke mmoja aliijenga kwa mifugo na ujasiri ingekuwa haijawahi kuwapo, na mzee aliyekuwa ndani anavaa miwani yake angegeuka, akiwa na umri wa kukaribia miaka themanini, mtoto wa mtu mwingine. Lakini Kapsoit nako kulikuwa na mzee. Kutoka Litein hadi kwake ni safari ya asubuhi moja, na bado alikuwa akisubiri.

Niliwaambia mchana huohuo, baba na shangazi wakinywa chai. Sijui njia ya kuyazungukia mambo kama hayo.

"Kipimo kinasema kuna mzee ambaye yeye na wewe mmezaliwa na mwanamume mmoja."

Baba aliweka kikombe chini polepole. "Mimi baba yangu namjua. Amelala pale." Akaelekeza kidevu upande wa majani ya chai, ambako kaburi la Kogo liko.

"Mzee gani? Wa wapi?" shangazi aliuliza.

"Mkisii. Anaishi Kapsoit."

Shangazi alipiga kofi la furaha. "Ndiyo maana huachi ndizi, kama Wakisii wenyewe! Miaka yote hii tukidhani ni meno!"

Baba hakucheka. "Wanataka nini?"

"Wanataka kuandika jina la baba yao pale nilipoandika Kogo."

"Futa kitu hicho," alisema. "Futa chote." Akainuka, akaiacha chai yake ikitanda utando, akaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wamekwisha kuangaliwa. Kwa siku nyingi zilizofuata tuliongea habari za mbolea na mvua tu. Niliona jinsi anavyopita karibu na kaburi lile na kusimama, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa.

Shangazi ndiye aliyenifungulia yaliyobaki, siku tulipokuwa tukichambua mboga.

"Kogo alimchagua mwenyewe," alisema. "Mama alinisimulia nilipoolewa. Wapasuaji mbao walikuwa wamepiga kambi msituni, wakipasua mbao za kampuni ya chai. Kogo alikuwa akiwapelekea vibuyu na maziwa. Akawa anawaangalia mmoja mmoja. Alitaka mtu mwenye afya, mwenye ulimi mfupi, na wa mbali. Wa mbali hasa. Mtu wa hapa angekuja kesho na ndugu zake aseme huyu ni wangu."

"Yaani alimchagua kama dume la ng'ombe?"

"Dume ungelilipia! Yule alishibishwa maziwa tu, bure." Alicheka mpaka akapangusa macho. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Na mama alimpenda. Hilo halikuwa kwenye mapatano."

"Na wewe, Shangazi, wako alikuwa nani?"

"Wangu usimtafute. Huo mtandao utashika moto."

Nilibaki nimeshika jani la mboga. Nilikuwa nimeishi nikifikiri mwanamume yule alikuwa bahati tu, mtu aliyepita. Kumbe palikuwa na mwanamke wa makamo, asiyejua kusoma, aliyekaa ukingoni mwa msitu na kibuyu mapajani, akitazama mabega na tabia za wageni, akipanga watu ambao hawajazaliwa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Alinipanga bila kunijua, akafa kabla sijazaliwa, na mpango wake ukafika.

Nesi alinipa namba ya baba yake. Nilimpigia yule mzee wa Kapsoit bila ruhusa ya baba, na nilijua kwamba sina ruhusa. Nilitaka kujua tunazungumza na mtu wa namna gani kabla hatujamfungia mlango au kumfungulia. Alipokea kwa Kiswahili kile chetu cha bara, cha watu wawili wanaoacha kila mmoja lugha yake mlangoni.

Alinieleza kazi ya baba yake kwa fahari ya mtoto. Walichimba shimo, gogo likalazwa juu yake. Mtu mmoja alisimama juu ya gogo, mwingine akashuka shimoni, msumeno mrefu ukiwa kati yao. Wa juu alifuata mstari. Wa chini alivuta. "Baba alikuwa wa chini," alisema. "Unga wa mbao ulimwangukia siku nzima. Macho yake yalikuwa mekundu mpaka anazeeka, watu wakimdhania mlevi. Lakini ubao wake ulikuwa umenyooka. Ukiona ubao wa zamani wenye mikwaruzo iliyopinda kama mwezi, huo ni wa mashine. Mikwaruzo iliyosimama sawa, huo ni wa mikono ya watu wawili."

"Mzee," nilimuuliza, "uliwahi kusikia habari zetu kutoka kwake?"

"Alikuwa akisema neno moja, tena si mara nyingi. 'Nina mtoto kwa Wakipsigis, lakini si wangu.' Sisi tuliona ni mafumbo ya uzee. Mimi ni kijana pekee kati ya dada zangu. Kila nilipokwenda soko la Litein nilikuwa natazama sura za wanaume. Sasa, mwalimu, mtu ataulizaje? Nisimame katikati ya soko niseme, nani hapa amepungukiwa na baba?"

Nilicheka, naye akacheka, na katika kicheko chake, mwishoni, palikuwa na mkwaruzo mdogo ambao nimeusikia tangu utotoni. Nilikaa kitandani. Nilimwambia nitapiga tena.

Juma lililofuata nilikwenda kuitazama nyumba moja kuukuu ya mbao karibu na mji wa Kericho, iliyojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa shamba kubwa la chai na sasa imekuwa ghala la magunia. Mlinzi alinifungulia, akabaki mlangoni akinishangaa. Niliwasha tochi ya simu nikaiegemeza ukutani ili mwanga upite kiubavu. Mikwaruzo ikajitokeza. Ilikuwa imesimama sawa, mmoja baada ya mwingine, na hapa na pale kulikuwa na mkwaruzo wenye kina zaidi, mahali ambapo pengine mtu alivuta kwa nguvu, au alikohoa, au alipumzika kisha akaanza tena. Sina ushahidi wowote kwamba mbao zile ni za babu yake nesi. Wapasuaji walikuwa wengi. Lakini kuna mtu wa chini aliyezivuta, na nilipoweka kiganja changu pale, nilijikuta nikizungumza kwa sauti ndogo, kama watu wafanyavyo ndani ya kanisa tupu.

Ninachotaka kukiweka wazi ni hiki, maana ndicho kilichonikosesha usingizi kuliko undugu wenyewe. Ndani ya mwili wangu yumo mpasuaji mbao. Maabara inaweza kumpima. Huenda yumo katika mifupa ya viganja vyangu. Kogo hayumo. Wachunguze mate yangu watakavyo, hawatampata hata chembe. Na hata hivyo hakuna hata mmoja kati yetu ambaye angekuwapo bila yeye: wala baba, wala mdogo wangu aliyevuka bahari, wala watoto wangu, wala kundi lote linalojaa uwanja ule kila Krismasi. Nilikuwa nimekitafuta chanzo changu katika damu, nikakuta kwamba mwenye kutuanzisha hakutuachia damu yoyote. Alituachia uamuzi. Mimi ni mtu wa vitabu, lakini nakiri kwamba mbele ya jambo hilo nilihisi udogo ule ninaouhisi nikitazama mabonde ya Bomet ukungu unapoinuka, milima ikitokea mmoja baada ya mwingine, na bado kuna mingine nyuma.

Nilimfuata baba katikati ya mistari ya chai. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na majani machanga yalikuwa yamechipua. Anachuma vibaya, watu wa kituo cha kupimia majani humtania kwamba huleta hata vijiti. Pia hawezi kupigilia msumari ukanyooka, na hili nalitaja kwa sababu kuna wanaodhani kazi hurithiwa.

"Baba, nilimpigia simu yule mzee."

"Najua. Shangazi yako hana siri."

"Baba yao alikuwa akisema neno moja kuhusu wewe."

Mikono yake iliendelea, jani na chipukizi, jani na chipukizi. Nikamwambia: "Alisema, 'Nina mtoto kwa Wakipsigis, lakini si wangu.'"

Mikono ilisimama.

"Rudia."

Nikarudia.

"Alisema hivyo mwenyewe? Si wewe unayenipambia?"

"Aliwaambia watoto wake. Hawakuelewa. Walidhani ni mafumbo."

Baba alinipa mgongo. Nilidhani amekasirika tena. Kisha akavua kofia, akaishika mbele ya tumbo kama anavyofanya makaburini.

"Basi alikuwa mtu," alisema. "Alipewa neno akalishika. Wangapi wangelishika? Angeweza kuja nikiwa mwalimu mkuu, na mshahara wangu, na shamba langu. Hakuja." Akavaa kofia. "Hakumnyang'anya baba yangu kitu."

Tulichuma hadi kikapu kikajaa. Njiani aliniambia, bila kunitazama, kwamba mambo ya namna hii hayajibiwi kwenye simu. Yanajibiwa kwa karatasi, kwa mwandiko wa mkono, na kwa Kiswahili, ili kila upande usome bila mkalimani. Nilimwandikia rasimu. Akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, akanirudishia. Niliandika nyingine, nayo akaisahihisha. Wiki zilipita hivyo, kwa sababu kila sentensi aliyoiongeza ilimchukua siku kadhaa kuikubali. Hii ndiyo niliyoituma.

*

Litein,
20 Aprili 2024

Kwa Mzee wetu wa Kapsoit,

Pokea salamu kutoka kwa baba yangu, kwa shangazi yangu, na kwa nyumba nzima. Mwandishi ni mimi, lakini maneno ni ya baba.

Anasema hivi. Nyumba hii ilianzishwa na mwanamke, naye ndiye baba yake. Alimlipia mahari mama yake, akampa jina, akampeleka shule, na amezikwa ndani ya shamba hili. Hatutamwondoa mahali tulipomwandika. Tunamwomba binti yako aliyeko Uingereza asituone wakaidi. Hakuna makosa pale. Amwandike babu yake katika mti wenu, mahali pake, na kazi yake aitaje, kwa maana ilikuwa kazi ya heshima.

Anasema pia kwamba neno alilolisema baba yenu limefika. Limechelewa, lakini limefika lilipokuwa likielekea. Anawashukuru kwa kulitunza bila kulielewa. Kama baba yenu angalikuja zamani kudai, leo tusingekuwa na la kuzungumza. Kwa kuwa hakudai, mlango uko wazi.

Njoo Jumamosi ya kwanza ambayo afya yako itakuruhusu. Hutakuja kama mgeni wa kukaa sebuleni tu. Baba atakuonyesha shamba, kaburi, na mahali kambi ya wapasuaji ilipokuwa, ambako sasa ni majani ya chai matupu. Shangazi anasema utakula ugali na mursik, na ndizi ulete wewe.

Jambo la mwisho ndilo lililomchukua baba muda mrefu kuliko yote, na ameniagiza niliandike kama alivyolitamka. Kuanzia leo, watoto wetu na watoto wenu wasioane. Wajukuu wake wawili wanasoma mjini Kericho, na amesikia wako pia wapo huko. Anataka waonane mapema, wajuane kwa sura na kwa majina, wasije wakapendana kwa kutojua.

Waleteni wote.